Mashine ya Kukanda Unga Haipimwi kwa Wati

Hapa Chepsaita waokaji wa mikate na wapishi wa mandazi wanaongezeka, na wengi huniuliza mashine gani ya kukanda unga itadumu. Karibu kila mmoja huja na jibu alilokwisha kupewa dukani Eldoret. Majibu hayo yanawapotezea watu pesa za jasho lao.

La kwanza ni hili: "Chukua ya wati 1,500, hiyo haichoki." Wati ni kipimo cha umeme ambao mashine inakula. Hazikuambii ni nguvu kiasi gani imefika kwenye ndoano inayosukuma donge. Artisan ya KitchenAid yenye bakuli la lita 4.8 imeandikwa wati 300 tu, nayo inakanda mikate miaka nenda miaka rudi, kwa sababu gia zake za chuma hupunguza kasi ya mota na kuiongezea nguvu. Mwili wake nao ni chuma, yapata kilo 10. Basi inyanyue mashine unayoitaka, kisha ushike kichwa chake ukitikise. Ikiwa nyepesi na kichwa kinacheza, donge gumu litaitembeza mezani.

Wanasema pia gia ya plastiki ni takataka. Hapo wana nusu ya ukweli. Baadhi ya mashine nzuri zimewekewa gia moja laini makusudi, ili donge likikwama ivunjike gia, mota isiungue. Gia hubadilishwa; mota ikiungua, mara nyingi umebaki na bakuli tu. Muulize muuzaji: spea hii nitaipata wapi, na fundi gani ataifunga? Akibabaika, hata gia za chuma hazitakuokoa.

Linaloniuma zaidi ni lile la kwanza kwa hasara: "Mwambie ndugu yako akuletee ya Marekani." Hapa Uasin Gishu tuna watu wengi huko, wakimbiaji, wanafunzi, wauguzi, na mizigo inakuja kila Desemba. Lakini umeme wa Marekani ni volti 120 na herzi 60. Wetu ni volti 240 na herzi 50. Ukiichomeka hivi hivi, mota itaungua. Transforma itashusha volti, ila herzi haigeuzi, na lazima iwe na uwezo kuzidi mashine yenyewe. Waranti ya huko nayo kwa kawaida haivuki bahari. Ndugu aliye Uingereza atakufaa zaidi: plagi yao ni hii yetu ya pini tatu, na volti zao zinakaribiana na zetu.

Na wanaosema uchukue bakuli kubwa? Lita 7 za rojo la keki si lita 7 za donge la mandazi. Fuata kiwango cha unga kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine, kanda kwa kasi ya chini, uiache mashine ipoe kabla ya donge la pili.

Na usidharau iliyotumika. Kenwood Chef imeuzwa tangu 1950, na za zamani bado zinatengenezeka. Ukiipata nzima, inunue, pamoja na kifaa kidogo cha kukata umeme stima inapopanda ghafla. Pesa zitakazobaki zitakununulia unga.