MAFAHALI WAWILI, ZIZI LA NANI?



Kila baraza hapa Visiwani siku hizi ina mjadala mmoja: Je, Uchina inayoinuka ni hatari kwa Marekani iliyotangulia? Wako wasemao vita havina budi, kwani mafahali wawili hawakai zizi moja. Wako wasemao hayo ni maneno ya kutishana tu. Sisi hatuungi mkono upande wowote, na hoja yetu twaitoa katika tarikhi.

Mwingereza alipokuwa mtawala wa bahari, ziliinuka dola mbili mbele yake. Ya kwanza ni Ujerumani, iliyoungana mwaka 1871. Ilijenga viwanda, na tangu mwaka 1898 ikaunda manowari za kushindana naye. Mwingereza naye akazidisha zake, hata mwaka 1914 vita vikazuka. Moshi wake ulifika kwetu: tarehe 20 Septemba mwaka huo manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Mwingereza katika bandari ya Unguja.

Ya pili ni Marekani. Hiyo ilimpita Mwingereza kwa mali na kwa viwanda, wala hawakupigana. Mwaka 1901 Mwingereza alikubali kwa mkataba kwamba Mmarekani achimbe na kuusimamia peke yake mfereji wa Amerika ya Kati. Alimpisha njia. Basi kukua kwa mmoja si lazima kuzae vita. Vita huzaliwa pale kiburi cha anayepanda kinapokutana na hofu ya aliyetangulia, na pasiwe na wa kumpisha mwenziwe.

Lakini, ndugu zetu, amani ya wakubwa nayo ina bei yake. Tarehe 1 Julai 1890, Mjerumani na Mwingereza walipokuwa wangali wakisikizana, walitia saini mkataba mjini Berlin. Mjerumani akapata kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Mwingereza akaachiwa Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya yake. Katika saini zile hamna hata moja ya mtu wa Visiwani. Tena mwaka 1966 Mwingereza na Mmarekani walipatana juu ya kisiwa cha Diego Garcia. Kati ya mwaka 1968 na 1973 watu wa Chagos wakaondoshwa makwao, wakapelekwa Mauritius na Shelisheli, ili ipatikane kambi ya kijeshi. Wakubwa wakigombana, watu wa visiwani hulipa. Wakipatana, hulipa vilevile.

Leo Uchina ni ya pili duniani kwa uchumi tangu mwaka 2010, na mwaka 2017 ilifungua kambi ya kijeshi Djibouti, ambako Mmarekani alikwisha kuwako. Bahari ni hii hii yetu. Wenye maduka wawili wakishindana, mnunuzi hupata nafuu, lakini kwa sharti moja: mkoba aushike mwenyewe.

Kwa hiyo hatuulizi nani atashinda. Twauliza: nani atatia saini kwa niaba yetu, nasi tutaisoma lini hati hiyo? Mkataba wowote wa bandari, wa ardhi au wa bahari, utoke Mashariki au Magharibi, usomwe hadharani, kwa Kiswahili, kabla kalamu haijagusa karatasi. Hilo ndilo dai letu, na kila mwanachama alipeleke katika tawi lake. Asiyesoma hati huamka akajikuta amekwisha uzwa.