Daftari la Wiki: Raha za Bure kati ya Embu na Meru

Mpenda magari wa huku kwetu si lazima awe na gari. Akikaa nusu saa kwenye benchi la kinyozi pale Runyenjes, itapita Canter ya ndizi kutoka Nkubu, Isuzu ya kiwanda cha chai, Probox yenye mizigo hadi juu ya keria, na akibahatika, Peugeot 504 ambayo mwenyewe amekataa katakata kuiuza. Nusu ya hizo atakuwa amezitambua kabla hazijatokeza kwenye kona, kwa mlio tu. Wiki hii nimeandika raha za aina hiyo, zile zinazompata mtu njiani kati ya Embu na Meru bila kumtoa shilingi.

*

Nianze na Land Rover. Ukiiacha lami pale Igoji, Nkubu au Chogoria ukapanda kuelekea msitu wa Mlima Kenya wakati wa mvua, utaelewa kwa nini wazee wa huku hawakuwahi kuachana nayo. Kutoka Chogoria, wapanda mlima wamepelekwa kwa Land Rover kwa miaka mingi hadi lango la hifadhi: kama kilomita 30 za msitu, mpaka karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Dereva aliyezoea tope hakimbii. Anaingiza gia ndogo, anatoa mguu kwenye klachi na kuiacha injini ijitembeze, na gari linapanda utelezi bila gurudumu kuzunguka bure. Kumtazama akifanya kazi hiyo ni raha kamili.

Raha nyingine ni kuigonga bodi yake kwa kifundo cha kidole. Hailii kama bati la magari mengine, kwa sababu ni aluminiamu. Land Rover ilipozinduliwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa bado inatoa chuma kwa mgao baada ya vita, ilhali aluminiamu ilikuwepo. Uamuzi ule uliotokana na shida ndio unaofanya mlango wa Land Rover ya miaka ya sabini uwe mzima leo, baada ya kunyeshewa manyunyu ya Julai mwaka baada ya mwaka. Fremu ya chini ni chuma na huoza, kwa hiyo mnunuzi mwenye akili hulala chini ya gari na nyundo ndogo kabla ya kuanza kusifia rangi.

Na nani aliyesoma habari za Elsa asiyekumbuka picha za simba jike yule amejilaza juu ya Land Rover ya akina Adamson waliomlea? Elsa alikufa mwaka 1961 na kaburi lake liko ndani ya Mbuga ya Meru. Land Rover Defender ya mwisho ya umbo lile la zamani ilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016, lakini ukipita Meru siku ya soko hutadhani kwamba kuna kitu kilichokoma. Oktoba 2024 wenzetu wa Arusha walifanya tamasha la Land Rover na magari yakamiminika kwa mamia. Meru inastahili tamasha kama hilo, na ningependa liandaliwe wakati wa mvua, ili magari yenyewe yajieleze.

*

Sasa miteremko. Barabara ya Embu kwenda Meru inakata mito inayotoka mlimani mmoja baada ya mwingine, na kila mto umechimba bonde lake. Unashuka Thuci, unapanda. Unapita Chuka, unashuka tena, mpaka ufike Nithi. Kwa dereva anayependa kazi yake, hapa ndipo penye raha kubwa kuliko zote za njia hii: kushuka na gia.

Wazee wa malori walikuwa na kanuni moja, kwamba mteremko unashuka na gia ile ile ambayo ungepandia. Unaiingiza mapema, kabla ya bonde kuanza, unaondoa mguu kwenye mafuta, na injini inalishika gari. Sauti inapanda kidogo, kisha inatulia. Mguu unagusa breki mara moja moja tu kwenye kona. Anayefanya hivyo anafika darajani na breki zikiwa baridi. Anayekanyaga breki kutoka juu mpaka chini anazipasha moto, zinapoteza mshiko, na mafuta ya breki yakichemka pedali inazama sakafuni kama mguu uliokanyaga tope.

Sisemi haya kwa ajili ya starehe pekee. Jioni ya tarehe 24 Julai 2022 basi lilitoka barabarani kwenye daraja la Nithi likaanguka bondeni, na watu zaidi ya 30 wakafa. Haikuwa ajali ya kwanza mahali pale. Kila nikivuka daraja lile nikiwa abiria, na nikamsikia dereva akirudisha gia mapema, nafurahi kwa moyo wote, na nikishuka namwambia, "Asante, dereva, umetushusha vizuri." Wengi wao hushangaa kusifiwa kwa jambo hilo. Wasifiwe zaidi.

Wenye magari ya otomatiki wasijione wametengwa. Vuta mkono wa gia hadi 2 au L. Kwenye hybridi za Toyota, ile herufi B ambayo watu wengi hawaigusi miaka nenda miaka rudi imewekwa kwa ajili ya mabonde kama haya.

*

Gari lililotoka Japani lina hazina ndogo ambayo mnunuzi huikuta akifungua mlango. Tazama kwenye nguzo ya mlango wa dereva, au chini ya boneti. Mara nyingi kuna kibandiko cha karatasi cha garaji ya huko, kinachoonyesha siku oili ilipobadilishwa na kilomita ambazo gari lilikuwa limetembea. Mwaka wakati mwingine umeandikwa 27 au 28, na watu wanakuna kichwa. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao. Enzi ya Heisei ilianza mwaka 1989, kwa hiyo ongeza 1988: mwaka wa 27 ni 2015. Enzi ya Reiwa ilianza Mei 2019, nayo unaongeza 2018. Ukishajua hesabu hiyo, kibandiko kinakuwa barua. Kuna mtu ambaye hutakutana naye kamwe aliyelitunza gari lako, akalibadilishia oili kwa wakati, na akaacha ushahidi. Usikibandue.

Halafu kuna yule mwanamke wa Kijapani anayezungumza ukiwasha injini, akikukumbusha kwamba kadi ya kulipia barabara kuu haijaingizwa. Watoto wa Embu wanaweza kumwiga neno kwa neno.

Redio nayo ina habari yake. Redio za FM za Japani zinaanzia 76 na nyingi za zamani zinaishia 90, ilhali stesheni zetu zinakwenda hadi 108. Ndiyo maana gari jipya linapofika kutoka Mombasa huwa karibu bubu. Fundi wa redio anafunga kisanduku kidogo nyuma ya dashibodi, kazi ya dakika chache, na ghafla unaipata Wimwaro ukiwa Embu na Muuga ukikaribia Meru. Nimewaona watu waliolipa ushuru, wakalipa bandari, wakalipa bima, na bado hawajaliona gari kuwa lao. Linapoanza kuongea Kimeru ndipo wanacheka na kuliita langu.

*

Nambari za gari. Mfululizo wetu wa sasa, ule wenye herufi baada ya tarakimu, ulianza na KAA mwaka 1989. KBA ikaja 2007, KCA 2014, KDA 2020. Kwa hiyo gari lisilo na herufi ya mwisho ni la kabla ya 1989, na likikupita likiwa linakwenda kwa nguvu zake lenyewe, simama ulitazame. Nyingi za hizo huku kwetu ni Land Rover na Peugeot za wazee waliokuwa na kahawa. Sheria inayozuia kuingiza gari lenye zaidi ya miaka minane imeyafanya ya zamani yaliyomo nchini kuwa adimu zaidi kila mwaka unaopita. Hayatakuja mengine kuziba pengo lao.

*

Fundi mmoja wa Meru, garaji yake ni uwanja wenye mti mmoja wa mwembe na makopo ya oili, ana namna ya kupima injini ambayo siichoki. Anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini karibu na pampu ya maji, mpini anaubana sikioni. Anasikiliza. Anahamia oltaneta, anasikiliza. Anahamia puli ya mkanda. Chuma kinamletea sauti ya kila beringi peke yake, na sehemu inayosaga inajitaja.

"Njoo usikie, mzee," aliniambia, akanipa bisibisi.

Nilisikia. Pampu ilikuwa kimya kabisa, lakini oltaneta ilikuwa na mkwaruzo mwembamba ambao sikio tupu lisingeupata. Mwenye gari alikuwa ameshaambiwa kwingine abadilishe pampu. Kijana aliyesimama pembeni akiosha plagi kwa petroli alikuwa anatazama mikono ya fundi wake kwa makini kuliko mwanafunzi wa darasani. Vijana hawa wanastahili vyeti na vifaa, na kaunti za Embu na Meru zikiwa na vyuo vya ufundi, mafundi wa aina hii waitwe wakafundishe.

*

Kati ya Nkubu na mji wa Meru unaivuka Ikweta. Ukipita hapo na mtoto, msimamishe.

*

Kuna furaha ya injini kupata pumzi. Hewa ya juu ni nyepesi, na kila ukipanda mita 1,000 injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Panda kutoka Meru kuelekea Timau na gari dogo la cc 1300 na utalisikia likiomba gia. Kisha shuka upande wa Isiolo. Baridi inaisha, dirisha linateremshwa, na kadiri unavyokaribia chini ndivyo pedali ya mafuta inavyoanza kujibu, kana kwamba gari limefanyiwa sevisi njiani. Wenye Subaru za turbo hawaijui raha hii sawasawa, maana turbo inawasukumia hewa juu na chini. Wao wana yao: ule mngurumo wa kukatakata, unaotokana na injini ya silinda zilizolala na mabomba ya moshi yasiyolingana urefu.

*

Nimalizie na mbio za magari za Safari, kwa sababu huku mapenzi ya magari yana mizizi pale. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi njia yake ilizunguka Mlima Kenya ikipitia Embu na Meru, wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamekolea na sehemu kubwa ya njia bado ni udongo mwekundu. Watu walitoka mashambani na miavuli ya majani ya ndizi wakangoja usiku kucha kuona taa. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na si ajabu kwamba baada ya hapo kila mwalimu mkuu aliitaka Peugeot. Joginder Singh alishinda 1965 kwa Volvo, halafu 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alishinda mara tano. Mwaka 1993 Patrick Njiru aliifikisha mwisho Subaru Vivio yenye injini ya cc 660, na mwaka uliofuata akamaliza wa nne kwa Impreza. Ukitaka kujua kwa nini kijana wa Embu anaitamani Subaru, anzia hapo.

Tangu 2021 Safari imerudi katika mashindano ya dunia, lakini inafanyika Naivasha. Wale waliosimama kando ya barabara ya Chuka wakiwa watoto sasa ni wazee, na picha walizopiga ziko kwenye makasha ya mbao na bahasha za studio zilizokwisha kufungwa. Kama unayo moja nyumbani, itoe leo. Andika nyuma yake kwa penseli mwaka, mahali, gari na jina la aliyeshika kamera, kisha ipige nakala kwa simu na umpe kila mjukuu wako. Na kama baba yako yuko hai na alikuwepo, muulize gari gani lilipita la kwanza.