Mashine Kubwa ya Jikoni Ichaguliwe kwa Kazi ya Chungu

Mashine ya umeme ya kukatia, kuparuzia na kukandia chakula imekwisha kuingia katika majiko mengi ya mijini, na aghalabu hununuliwa kwa uangalifu usiolingana na bei yake. Mnunuzi hufika dukani, hutazama idadi ya wati iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa kwenye boksi, huhesabu visu na visahani vilivyochorwa ubavuni, kisha huchukua ile iliyoshinda kwa yote mawili. Katika vipimo vyote ambavyo angeweza kuvitumia, hivyo ndivyo vyenye manufaa haba kabisa. Familia ya watu 8 au 10, ipikayo chapati, bajia na pilau, inahitaji mashine kubwa kweli. Walakini ukubwa huo una maana yake, na maana hiyo haimo katika wati.

Asili ya mashine yenyewe yatoa fundisho. Katika miaka ya 1960 Mfaransa Pierre Verdon aliibuni kwa ajili ya majiko ya mikahawa, ambako watu walishinda kutwa wakikatakata. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikatengenezwa ya nyumbani, iliyopewa jina la Magimix, na mwaka 1973 mhandisi wa Kimarekani Carl Sontheimer akaionyesha nyingine huko Chicago kwa jina la Cuisinart. Kwa hiyo hii si blenda iliyoongezwa vifaa. Ni chombo cha mkahawa kilichopunguzwa kimo, na yafaa kipimwe kwa kazi ya namna hiyo.

Wati ni kipimo cha umeme unaoingia katika mota, si cha kazi inayotoka kwenye kisu. Mota zenyewe ni za namna mbili. Ya kwanza ni ya indaksheni: haina brashi, ni nzito, na kwa umeme wa hezi 50, kama ule wa Tanzania na Kenya, kwa kawaida huzunguka chini kidogo ya mara 1,500 kwa dakika, na kisu hukaa moja kwa moja juu ya mhimili wake. Ya pili ni ya brashi za kaboni, ambayo huweza kuzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na kasi hiyo hupunguzwa kwa mkanda au kwa meno ya gia kabla ya kukifikia kisu. Hii ya pili ni nyepesi, ina kelele, na brashi zake hulika. Ndiyo maana mashine ya indaksheni ya wati 650 yaweza kukanda unga mgumu kwa utulivu, hali ya brashi ya wati 1,000 yatoa harufu ya kuungua. Si kwamba mota ya brashi haifai. Kwa vitunguu na karoti yatosha kabisa. Lakini apikaye chapati za watu 10 kila juma hana budi kuitafuta ile nyingine, na ikiwa muuza duka hajui tofauti, basi ainyanyue mashine: kubwa yenye mota ya indaksheni hupata kilo 7 au 8.

Hapo yafaa kuwakumbuka ndugu walioko ng'ambo wanaotuma zawadi. Mashine iliyonunuliwa Dubai au Maskati hutumia umeme wa hezi 50 kama wa Afrika Mashariki. Ile ya Marekani imeundwa kwa volti 120 na hezi 60. Transfoma hushusha volti lakini haibadilishi hezi, na mota ya indaksheni itazunguka kwa kasi pungufu huku ikipata moto kupita kiasi.

Wako waiogopao bili ya umeme. Hofu hiyo haina msingi. Wati 1,000 kwa muda wa dakika 2 ni sehemu moja ya 30 ya uniti. Jiko la umeme la wati 2,000 likichemsha maharage kwa saa moja hula mara 60 ya kiasi hicho. Wengine husema kwamba mashine ni anasa madhali mikono ipo. Wasemao hivyo, kwa kawaida, mikono wanayoitaja si yao.

Kuhusu bakuli, lita zilizoandikwa ni za bakuli lililojazwa pomoni, jambo ambalo hakuna mpishi alifanyaye. Katikati ya bakuli pana tundu la mhimili, na kitu cha majimaji kikipanda juu yake humwagika. Aghalabu nusu ya ujazo ndiyo itumikayo kwa vitu vya namna hiyo. Unga wa ngano wa kilo 1, pamoja na maji na mafuta yake, huwa donge linalozidi kilo 1 na nusu. Bakuli la lita 3 na nusu lenye mota madhubuti hulimaliza kwa mikupuo miwili, kila mmoja kwa kiasi cha dakika moja. Ukizidishwa mno, msuguano huupasha unga moto na kuuharibu mvuto wake. Kwa upande mwingine, punje mbili za kitunguu saumu ndani ya bakuli hilo hazikatiki, kwa sababu kisu hupita juu yake. Bakuli dogo liingialo ndani ya kubwa ndicho kifaa cha ziada kinachostahili kulipiwa. Vingi vya vile vingine huishia kabatini.

Tena kuna kazi zisizo zake. Kisu hukata, mchi huponda. Kwa kabichi ya kachumbari, au kunde zilizorowekwa kwa bajia, kukata kwatosha. Kwa kisamvu hakutoshi. Majani ya muhogo yana linamarini, na chembe zake zinapopondwa, kimeng'enya kilichomo humo humo huivunja na kuitoa sayanaidi, ambayo hutoweka kwa hewa na kwa kuchemshwa. Vipande vilivyokatwa na mashine, hata vikiwa vidogo, hubakia na chembe nyingi nzima, kwa hiyo kinu kisitolewe jikoni. Nazi nayo hukatika vizuri, lakini mashine haimwondolei mpishi kazi ya kubandua nyama kutoka kifuuni. Mbuzi huzifanya zote mbili kwa pamoja. Mahindi makavu ni ya mashine ya kusaga.

Jambo lililo zito kuliko yote halimo kwenye boksi. Kifuniko cha bakuli kina ulimi mdogo wa plastiki unaobonyeza swichi ya usalama. Ulimi huo ukivunjika, mashine haiwaki hata kama mota ni nzima. Bakuli jipya lisipopatikana nchini, hubaki njia mbili: kuitupa mashine stoo, au kumwachia fundi aunganishe nyaya ili iwake bila kifuniko. Njia ya pili huacha kisu kikizunguka wazi mbele ya vidole vya mpishi na vya watoto. Hata kisu chenyewe huhitaji badala. Mwezi wa Desemba 2016, huko Marekani, visu vya mashine za Cuisinart zipatazo milioni 8 vilitangazwa kuwa virejeshwe, kwa kuwa vilipasuka na vipande vyake kuingia katika chakula. Mnunuzi wa huko alipelekewa kisu kingine bure. Mnunuzi wa Mwanza au Kisumu angemwendea nani?

Kwa sababu hiyo mamlaka za viwango zingefanya vyema kumtaka mwagizaji aandike kwa Kiswahili, juu ya boksi, mambo manne: aina ya mota, uzito wa donge ambalo mashine hulikanda kwa mkupuo mmoja, kiasi cha majimaji kinachochukuliwa na bakuli, na mahali panapouzwa bakuli, kifuniko na kisu. Ufaransa mwaka 2021 ilianza kuwalazimisha wauzaji wa baadhi ya vyombo, zikiwamo mashine za kufulia na televisheni, kuonyesha kwa alama za hadi 10 jinsi chombo kinavyotengenezeka kikiharibika. Kuandika mambo manne ni kazi nyepesi kuliko hiyo, na mwagizaji asiyeweza kulijibu la nne asiruhusiwe kuiita bidhaa yake mashine ya kudumu.