Kuruta Arushe Mara Ngapi?

Juma lililopita nilipokea barua ya sajini mmoja aliyepata kutazama, katika televisheni ya kantini yao, kandanda ya Kimarekani, ule mchezo unaochezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu na ambao wachezaji wake huvaa kofia ngumu kama watu waendao vitani. Asema yeye na wenzake walibishana mpaka kantini ikafungwa. Hoja yao ilikuwa hii: kijana mgeni aliyekabidhiwa timu, je, aachiwe kurusha mpira apendavyo, au azuiwe mpaka akomae? Sajini ataka nitoe hukumu. Nami, niliyeuchukia mchezo huu kwa miaka mingi kabla sijaufahamu, nitajaribu.

Kwanza niwaeleze kidogo akina mama na vijana wasioujua. Kila upande huwa na watu 11, na uwanja ni wa yadi 100 toka mstari wa bao mmoja hadi wa pili. Wanaoshambulia hupewa nafasi nne za kusogeza mpira yadi 10. Wakifaulu huanza kuhesabiwa upya, wakishindwa mpira huwa wa adui. Njia za kuusogeza ni mbili. Ya kwanza ni kumpa mtu mwenye mabavu apenye nao katikati ya msongamano. Njia hii ni ya polepole, lakini mpira haupotei ovyo. Ya pili ni kuurusha hewani umfikie mwenzio aliye mbele. Hii ndiyo yenye kasi, na ndiyo yenye hatari, kwa maana mpira waweza kudakwa na mwenzio, waweza kuanguka chini bure, au waweza kunyakuliwa na adui akageuka nao mbio kuelekea kwako. Mrushaji mwenyewe huitwa kwotabeki, na mashambulizi yote huanzia mikononi mwake.

Liko jambo moja ambalo wanajeshi na askari polisi watalielewa upesi kuliko raia. Tangu 1994 ligi kuu ya Marekani, NFL, humruhusu kocha kusema na kwotabeki kwa redio iliyo ndani ya kofia. Kocha humpa amri: mpango fulani, fulani akimbilie kule, fulani abaki kumkinga. Lakini saa ikibakisha sekunde 15 kabla ya muda wa kuanza kwisha, redio hukatwa. Toka hapo kijana yu peke yake. Adui wanabadili mpango wao mbele ya macho yake, watazamaji makumi ya maelfu wanapiga kelele, na akishapokea mpira ana sekunde mbili au tatu tu kabla ya majitu ya kilo 120 kumfikia. Yeyote aliyewahi kuongoza doria ya usiku redio ikanyamaza ajua jambo ninalolisema. Swali la sajini, kwa hakika, ni swali la sekunde hizo 15.

Wenye kupenda tahadhari hutaja mfano wa Pittsburgh. Mwaka 2004 klabu ya Steelers ilikuwa na kijana mgeni aitwaye Ben Roethlisberger, ambaye haikukusudiwa aongoze mapema vile. Katika mchezo wa pili mkubwa wake, Tommy Maddox, aliumia, na kuruta akaingia. Kocha Bill Cowher hakumtwisha mzigo mzito. Timu ilikimbia na mpira zaidi ya mara 600 katika msimu ule, na kijana alirusha mara 295 tu, yaani kama mara 21 kwa kila mchezo. Matokeo yakawa ya ajabu: alianza michezo 13 ya msimu wa kawaida, akashinda yote 13. Basi wengi wakasema, tazameni, hivi ndivyo kuruta anavyolelewa.

Lakini mwisho wa hadithi ile aghalabu hausimuliwi. Januari 2005, katika mchezo wa kuwania kuingia fainali, New England iliwatangulia Pittsburgh mapema. Ukiwa nyuma kwa mabao huwezi kuendelea kukimbia polepole, kwani saa haikungoji. Hapana budi urushe. Kijana aliyekuwa amekingwa msimu mzima sasa alitakiwa kuiokoa timu kwa mkono wake. Adui wakamnyakua mara tatu, na mpira mmoja Rodney Harrison alikimbia nao yadi 87 hadi kwenye bao. Pittsburgh ikashindwa 41 kwa 27. Sisemi kwamba Cowher alikosea, kwa sababu mwaka uliofuata, na kijana huyohuyo, alitwaa ubingwa. Nasema tu kwamba kumficha mtu ni mkopo, na mkopo una siku ya kulipwa.

Upande wa pili yuko Peyton Manning. Indianapolis walimchukua wa kwanza kabisa mwaka 1998 na kumwachia mlango wazi toka siku ya kwanza. Alirusha mara 575. Adui wakamnyakua mara 28, idadi ambayo kwotabeki mgeni mwingine hajaifikia katika ligi ile, na timu ikashinda michezo mitatu ikashindwa 13. Mwaka uliofuata hesabu iligeuka: wakashinda 13, wakashindwa mitatu. Wapendao ujasiri huutaja mfano huu kama ushahidi usiojibika, kwamba makosa ni karo na Manning aliilipa yote kwa mwaka mmoja. Mimi nauheshimu, ila natia shaka. Manning alikuwa mtoto wa kwotabeki, amelelewa ndani ya mchezo, na alikuwa na walinzi wa kumpa nafasi ya kukosea akiwa bado amesimama wima. Si kila mwenye karo hupata shule.

Tazama yaliyompata David Carr. Mwaka 2002 klabu mpya ya Houston, iliyokuwa ikicheza msimu wake wa kwanza kabisa, ilimchukua yeye wa kwanza katika nchi nzima na kumtia uwanjani michezo yote 16. Walinzi waliowekwa mbele yake hawakuwa na uwezo wa kazi hiyo. Aliangushwa na mpira mkononi mara 76 kwa msimu mmoja, na rekodi hiyo mbaya hakuna aliyeichukua toka kwake. Mtu aliyepigwa namna hiyo hujifunza jambo moja tu, nalo ni kuwatazama wanaokuja kumpiga badala ya kuwatazama wenzake walio huru. Carr alikaa Houston miaka mitano, na ile ahadi ya mwanzo haikutimia. Hapo sijui nani angethubutu kusema kijana aliaminiwa. Alitupwa tu. Kumwamini mtu ni pamoja na kumpa ngao.

Sasa nifike kwenye mfano nilioupenda kuliko yote, ijapokuwa mwenyewe hakuwa mchezaji bora wa kundi hili. Mwaka 2009 klabu ya Jets ya New York ilimwanzisha Mark Sanchez chini ya kocha mpya Rex Ryan. Kijana alikuwa na moyo wa simba na haraka ya swala. Katika mchezo mmoja wa Oktoba dhidi ya Buffalo alinyakuliwa mara tano, na mwezi uliofuata dhidi ya New England mara nne. Timu ikawa imeshinda michezo minne na kushindwa sita. Makocha walikuwa na njia mbili rahisi: kumweka benchi, au kumfunga mikono asirushe tena. Hawakufuata hata moja. Walimwekea rangi, kama taa za barabarani. Rangi nyekundu maana yake: hali ni ya hatari, usijaribu ushujaa, bora mpira uanguke chini kuliko kumpa adui. Manjano: angalia vizuri kwanza. Kijani: uwanja ni wako, shambulia.

Hebu tuufikiri mpango ule. Kijana hakunyimwa kurusha, wala hakuambiwa maneno matupu ya ‘uwe mwangalifu’, ambayo kila mkubwa huyasema na hakuna mdogo ayajuaye maana yake. Aliambiwa kwa alama moja ni kosa la kiasi gani linaloweza kuvumilika mahali hapa na kwa wakati huu. Sekunde 15 zilipofika na redio ikakatwa, kijana alibaki na mizani ya kocha wake kichwani. Jets walishinda michezo mitano kati ya sita iliyobaki, wakisaidiwa sana na wakimbiaji na walinzi hodari. Wakashinda mingine miwili ya mtoano ugenini, na Januari 2010 wakafika mlangoni mwa fainali. Huko walikuwa mbele 17 kwa 13 wakati wa mapumziko, kabla ya Indianapolis, ambao kwotabeki wao alikuwa Manning yuleyule, kuwageuza 30 kwa 17.

Niongeze kidogo juu ya Houston, maana klabu iliyomvunja Carr ilijifunza. Mwaka 2023 walimpata C. J. Stroud, na makocha wakampa mchezo wa pasi mapema. Mwezi wa Novemba, dhidi ya Tampa Bay, walikuwa nyuma zikibaki sekunde 46 na yadi 75 mbele yao. Mpigaji wao wa mateke alikuwa ameumia. Stroud akaisogeza timu kwa pasi, akafunga zikibaki sekunde sita, 39 kwa 37. Alikuwa amerusha yadi 470 siku hiyo. Msimu mzima adui walimnyakua mara tano tu.

Basi sajini, hukumu yangu ni hii. Usihesabu kuruta amerusha mara ngapi. Uliza mambo mawili: je, mbele yake wako walinzi, na je, amekwisha kuzoea kurusha katika siku za raha, timu ikiwa mbele, ili siku ya shida isiwe ya kwanza kwake? Mngekuwa kantini yangu ningekuwa upande wa wale waliosema apewe, lakini apewe na rangi zake. Na kwa wale waliosema azuiwe kabisa, niwaulize kwa upole kama walikuwa wakimwonea huruma kijana au kocha. Katika ligi ile kocha hufukuzwa upesi, na mkubwa asemaye ‘namlinda mdogo wangu’ mara nyingine hulinda kiti chake.

Mke wangu, aliyekuwa akinisomea barua hii huku nikiandika, ameniuliza mbona mwaka jana nilikataa kabisa binti yetu asipike pilau ya wageni wa Idi. Nimemjibu kwamba wageni walikuwa 30. Amecheka tu.

Juma lijalo nitamjibu mama aliyeandika kuhusu mahindi yake yanayoingiwa na dumuzi kila akihama kambi moja kwenda nyingine.