Vishikwambi vya walimu Tanga: Nani ameshika ufunguo wa programu ya ndani?

KWA miaka mingi meli kubwa zilizofika Tanga zilitia nanga umbali wa kilomita 1.7 kutoka gatini, shehena ikashushwa majini na kuvutwa kwa matishari hadi nchi kavu. Meli zilikuwa nzima na manahodha wake hodari. Kilichozuia ni kina cha maji. Maboresho yaliyoanza mwaka 2019, yaliyogharimu Sh429.1 bilioni, yaliongeza kina hicho kutoka mita 3 hadi 13, na meli zikaanza kufunga gatini.

Kizuizi cha namna hiyo, kilicho chini na kisichoonekana, kinavisubiri vishikwambi vilivyo mikononi mwa walimu wa Pangani, Muheza, Mkinga na kwingineko nchini.

Vishikwambi hivyo vilitumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 23, 2022, iliyohesabu watu 2,615,597 katika Mkoa wa Tanga. Baada ya kazi hiyo Serikali iliamua kuvigawa kwa walimu. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwani kifaa kilichonunuliwa kwa fedha za umma kilipata kazi ya pili badala ya kufungiwa stoo.

Hata hivyo, kifaa cha aina hii huzeeka kwa njia mbili. Betri huchoka na kioo hupasuka, mambo ambayo fundi wa mjini huyaweza. Uzee wa pili huanza siku mtengenezaji anapoacha kutoa masahihisho ya usalama. Kadiri muda unavyopita programu mpya huweza kukataa kufanya kazi, na kishikwambi kizima kikageuka pambo la mezani.

Wapo watakaosema dawa ni programu huria. Android yenyewe imejengwa juu ya Linux, mfumo ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadili. Kwa nini basi vijana wenye ujuzi wasiweke mfumo mpya katika vifaa vya zamani?

Jibu liko chini ya Linux. Ndani ya chipu kuu ya kifaa hicho imo programu-dhibiti, inayoamka kabla ya mfumo wowote na kubaki na madaraka makubwa kuliko mfumo huo. Katika prosesa za Arm, Linux haiziwashi yenyewe prosesa zote zilizomo katika chipu. Huamka kwa moja, kisha huiomba programu-dhibiti iziamshe nyingine. Ombi lisipojibiwa ipasavyo, kifaa chenye prosesa nane hutambaa kwa moja.

Aidha, chipu nyingi hukagua saini ya kidijitali kabla ya kuwasha chochote. Alama ya ufunguo wa mtengenezaji huchomwa ndani ya chipu kiwandani na haifutiki. Mtengenezaji asipotoa njia ya kufungua kufuli hilo, msimbo wa Linux hata ukiwa huria kiasi gani hautapata pa kufunga gati.

Tatizo hili si geni. Katikati ya miaka ya 1990, Linus Torvalds alipoihamishia Linux katika prosesa ya Alpha ya kampuni ya Digital ya Marekani, alikuta chini yake tabaka lililoitwa PALcode, lililosimamia kumbukumbu na kupokea miito ya dharura ya prosesa. Kazi ile iliwezekana kwa kuwa kampuni ilikuwa imechapisha maelezo ya prosesa yake, na Linux ikatumia PALcode ileile iliyotengenezwa kwa ajili ya Unix ya Digital. Toleo la Linux la Machi 1995 likatoka likiwa na Alpha ndani yake.

Tanzania nayo ina historia yake. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Wataalamu waliweza kuitafsiri kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Ushindi huo ulikuwa wa tabaka la juu. La chini halikuguswa.

Ni kweli kwamba kufuli lina manufaa. Humzuia mwizi na mpandikizaji wa virusi, na hakuna mwalimu anayetaka alama za wanafunzi wake zichezewe. Swali si kama kufuli liwepo, bali ni nani anayebaki na ufunguo pindi mtengenezaji anapokwenda zake.

Mahali pa kulijibu ni kwenye zabuni. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imeshawekwa, na Mamlaka ya Serikali Mtandao ipo. Masharti mawili yangetosha kwa kuanzia: mtengenezaji ataje ni miaka mingapi atatoa masahihisho, na akubali kwa maandishi kufungua kufuli muda huo ukiisha. Vilevile, zipo chipu, baadhi za Rockchip na NXP zikiwamo, ambazo sehemu kubwa ya programu-dhibiti yake iko wazi. Zikipewa alama za ziada katika ushindani, wauzaji watasikia.

Kudai hayo baada ya malipo ni kuchelewa, kwa kuwa mnunuzi hana tena cha kumshikia muuzaji. Tanga ilijifunza kwa gharama kubwa kwamba bandari hupimwa kwa kina chake, wala si kwa uzuri wa maghala yake. Shule zake hazistahili kulipia somo hilo mara ya pili.