Waraka kwa Wanachama: Faili la Tor Halipokewi Mkononi

Ndugu waandishi wenzangu,

Wengi wetu sasa tunawasiliana na wanaotupa habari kupitia kivinjari cha Tor, na hilo ni jema. Linalonisumbua ni jinsi tunavyokipata: faili linarushwa kwenye kundi la WhatsApp au linapeanwa kwa flashi, na hakuna anayeuliza limetoka wapi. Nawasihi tuache.

Mwaka 2022 kampuni ya Kaspersky ilieleza yaliyowapata watumiaji wa China, ambako tovuti ya Tor imefungiwa. Chini ya video moja ya YouTube, kwa Kichina, kuliwekwa kiungo cha kupakua kivinjari hicho. Kilifanana na Tor halisi na kilifanya kazi. Lakini kilitunza kumbukumbu ya kurasa zilizofunguliwa na maneno yaliyojazwa kwenye fomu, na ndani yake mlifichwa programu ya kijasusi iliyoweza kukusanya hata majina ya mitandao ya Wi-Fi ya mwenye kompyuta. Hebu fikirieni hilo kwenye kompyuta yenye majina ya watu waliotuamini.

Pakueni kutoka torproject.org peke yake. Ikifungiwa, andikeni barua pepe kwa gettor@torproject.org, mtaletewa viungo. Kabla ya kusakinisha kwenye kompyuta, kagueni saini: pamoja na faili la programu pakueni lile dogo linaloishia .asc, kisha programu ya GnuPG iyalinganishe yote mawili. Alama ya utambulisho (fingerprint) ya ufunguo wa watengenezaji ni EF6E 286D DA85 EA2A 4BA7 DE68 4E2C 6E87 9329 8290. Someni tarakimu zote, msiishie nne za mwisho. Saini ikikataa, futeni faili bila kulifungua.

Na hata Tor halisi ina mipaka yake. Mawasiliano hupita vituo vitatu, na cha mwisho huona kila kisicholindwa kwa https. Mwaka 2007 Dan Egerstad wa Sweden aliendesha vituo vya aina hiyo akanasa nywila za barua pepe za balozi kadhaa. Mwaka 2014 Josh Pitts aligundua kituo huko Urusi kilichokuwa kikipachika virusi ndani ya programu watu walizopakua kupitia kwacho. Basi msipakue programu kwenye kurasa zisizo na https, wala msiingie akaunti yenye jina lenu halisi mkitaka kutojulikana.

Masasisho yakija, yapokeeni siku hiyo hiyo. Shambulio la Agosti 2013 dhidi ya watumiaji wa kivinjari cha Tor lilitumia tundu lililokwisha kuzibwa mwezi Juni. Walionaswa ni wale waliobaki na toleo la zamani.

Aliyesakinisha faili la kupewa asidhani kulifuta kunatosha, kwani virusi vinaweza kubaki. Abadilishe nywila zake akitumia kifaa kingine, kompyuta isafishwe na mfumo usakinishwe upya, na awaarifu mapema watu aliowasiliana nao.

Wenu katika kazi,
Katibu