Je, Kimbunga "Hutarajiwa"? Kitenzi Kimoja cha Kiingereza na Matangazo ya Hali ya Hewa Mafia

Kiingereza kina kitenzi "expect", ambacho hutumika kwa mgeni rasmi, kwa mtoto aliye tumboni, kwa bei ya mafuta na kwa kimbunga, bila kuonyesha hisia ya anayekitamka. Kinaarifu tu kwamba msemaji anaona jambo litatokea. Kama analitaka au analihofu, kitenzi hakisemi. Kiswahili kimeigawa kazi hiyo. Kina tarajia, tumaini, tazamia, tegemea na ngojea, na kila kimoja humweka msemaji mahali pake mbele ya jambo lijalo. Kwa hiyo mfasiri makini hujiuliza kwanza: jambo hili linaombwa, linaangaliwa, linaegemewa, au linasubiriwa tu?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika kisiwa cha Mafia. Matangazo ya hali ya hewa yanayohusu Mkoa wa Pwani mara nyingi huongeza maneno "ikijumuisha visiwa vya Mafia", na nyongeza hiyo si ya mapambo. Kutoka Kilindoni watu na bidhaa huvuka bahari hadi Nyamisati, upande wa bara. Kwa wakazi wa Chole, Juani na Jibondo, hata safari ya kwenda kisiwa kikuu ni ya majini. Hapo sentensi moja ya redioni huweza kuamua kama chombo king'oe nanga au kibaki.

Mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa taarifa mfululizo kuhusu Kimbunga Hidaya kilichokuwa kikisogea kutoka Bahari ya Hindi. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa. Jumamosi tarehe 4 Mei kimbunga hicho kiliingia nchi kavu katika kisiwa cha Mafia na kupoteza nguvu yake. Katika habari za namna hiyo, neno la kawaida ni "kinatarajiwa": kinatarajiwa kufika, kinatarajiwa kuleta upepo mkali, kinatarajiwa kusababisha mawimbi makubwa.

Tarajia limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kutumaini. Kwa asili yake, anayetarajia ana hamu na kinachokuja. Ndiyo maana twasema mama anatarajia kujifungua, mwanafunzi anatarajia kufaulu, na maharusi watarajiwa. Hidaya nayo, kwa Kiswahili, ni zawadi au tunu. Basi mtu asiyejua habari akiisoma sentensi "Hidaya inatarajiwa kufika Mafia Jumamosi", ataelewa kwamba kisiwa kinajiandaa kwa sherehe. Kila neno la sentensi hiyo ni sahihi, lakini jumla yake inageuza hatari kuwa neema.

Ni haki kusema kwamba maneno hayafungwi na asili zake. Kwa miongo mingi ya magazeti na redio, tarajiwa limezoeleka kiasi kwamba wengi hawasikii tena tumaini ndani yake. Mhariri anayeandika "kikao kinatarajiwa kuanza saa nne" hana kosa. Hoja yetu ni nyembamba zaidi: tangazo la hatari halina nafasi ya neno ambalo, kwa upande mmoja, bado linanukia matumaini, na kwa upande mwingine limekwisha kuchakaa hata halimshtui msikilizaji.

Tegemea ni tatizo kubwa zaidi. Tanzania husikika mara kwa mara "mvua kubwa inategemewa kunyesha". Kutegemea ni kuegemea, kuweka uzito wako juu ya kitu kingine. Mkulima hutegemea mvua. Mvuvi hutegemea bahari. Mzee hutegemea mkongojo. Lakini hakuna anayeegemea mafuriko. Msomaji akikutana na "wakazi wa Mafia wanategemea mvua", hawezi kujua kama anaarifiwa juu ya kilimo chao au juu ya hali ya hewa ya kesho. Katika habari ya hali ya hewa, utata huo hauvumiliki.

Tazamia, ambalo siku hizi linaonekana la kitabuni, ndilo linalokaribia zaidi maana isiyoegemea upande. Limetokana na tazama: anayetazamia ameelekeza macho kule jambo linakotokea, awe analipenda au analichukia. Lina pia maana ya kuagua, yaani kubashiri kwa ramli, na huenda baadhi ya waandishi wanalikwepa kwa sababu hiyo. Lakini utabiri nao ulikuwa neno la waonaji wa mambo ya ghaibu kabla ya kukabidhiwa wataalamu wa hali ya hewa, na leo hakuna anayeona haya kulitumia. Isitoshe, Mamlaka yenyewe hutumia neno angalizo, lililotokana na angalia. Tangazo linaloitwa angalizo lingepatana vyema na kitenzi cha macho: "upepo mkali unatazamiwa".

Kuna maana nyingine ya "expect" ambayo hupotea kabisa katika tafsiri za haraka: ile ya wajibu. Mwandishi akisema "wavuvi wanatarajiwa kutokwenda baharini", kwa Kiswahili amebashiri tu tabia ya wavuvi. Hajawaagiza chochote. Kilichokusudiwa ni wanatakiwa, wanapaswa, au kwa amri isiyo na shaka, wasiende baharini.

Kwa nini tulisisitize jambo hili, ilhali kitenzi hakizuii upepo? Kwanza, vimbunga ni adimu katika pwani yetu. Zanzibar ilipigwa na kimbunga kikubwa Aprili 1872, na Lindi ikapigwa Aprili 1952. Wengi wanaosikiliza tangazo hawana kumbukumbu yao wenyewe ya kulipimia, hivyo neno ndilo linalobeba mzigo wote. Pili, utabiri ni kadirio, na kadirio huweza kwenda upande mwingine. Mwishoni mwa Aprili 2021, Kimbunga Jobo kilielekea pwani ya Tanzania, kikadhoofika kabla ya kuifikia. Aliyeambiwa tu kwamba kimbunga "kinatarajiwa" aweza kuona kwamba ahadi haikutimizwa, na safari ijayo akapuuza. Aliyeambiwa kwamba uwezekano ni mkubwa au wa wastani hana sababu ya kudai kwamba amedanganywa. Matangazo rasmi hutaja uwezekano na athari kila kimoja peke yake. Hasara hutokea pale mpangilio huo unapofupishwa kuwa "kinatarajiwa" moja katika taarifa ya habari.

Kwa mfasiri na mhariri, basi, mgawanyo huu unafaa. Tarajia litumike kwa jambo jema au la kawaida, tumaini kwa lile tunalolitamani bila hakika. Tegemea libaki kwa kile tunachokiegemea, na ngojea kwa kile ambacho kuja kwake hakuna shaka. Kwa hatari tuseme inatazamiwa, au bora zaidi tutaje kiwango: huenda, yamkini, kuna uwezekano mkubwa. Kwa wajibu tuseme anatakiwa au anapaswa.

Nahodha wa Jibondo hahitaji kujua kwamba kitenzi kimoja cha Kiingereza kimemsumbua mfasiri wa Dar es Salaam. Anachohitaji, kabla ya kutweka tanga, ni kujua kama anaambiwa atumaini, aangalie, au abaki pwani.